Kurudi Kwenye Mbio Ndefu za Barabarani Baada ya Msukosuko wa Kiafya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyekuwa akikimbia masafa marefu barabarani, au aliyekuwa amekwisha kujiandikisha kwa nusu marathoni au marathoni kamili, kisha mwili ukamsimamisha: mshtuko wa moyo, kiharusi kidogo, bonge la damu kwenye pafu, saratani, upasuaji, au kuzimia kusikokuwa na maelezo. Anayeyaandika si daktari bali ni mkimbiaji aliyepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo yachukuliwe kama msaada wa kuandaa maswali ya kumpelekea daktari anayekutibu, si kama kibali cha kuvaa viatu.

Je, inawezekana kweli kukimbia marathoni baada ya ugonjwa mkubwa?

Kwa baadhi ya watu inawezekana, na jambo hilo si jipya. Mwaka 1973, Dkt. Terence Kavanagh wa Toronto, nchini Kanada, alipeleka kwenye marathoni ya Boston kundi la wagonjwa wake waliokuwa wamepona mshtuko wa moyo, wakati ambapo madaktari wengi bado waliwaonya wagonjwa wa namna hiyo wasijichoshe. Watu hao hawakutoka kitandani wakaenda Boston. Walikuwa wamejenga nguvu hatua kwa hatua, huku wakifuatiliwa na kupimwa. Fred Lebow, mmoja wa waasisi wa marathoni ya New York, aligundulika kuwa na saratani ya ubongo mwaka 1990, na mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, alizikimbia mbio hizo sambamba na Grete Waitz wa Norway, mwanamke aliyekuwa amezishinda mara 9. Walimaliza kwa zaidi ya saa 5 na nusu. Waitz, ambaye katika siku zake za ushindi alizoea kumaliza kwa chini ya saa 2 na nusu, alikubali kwenda kwa mwendo wa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi sijaona mpango wa mbio ulio bora kuliko huo kwa mtu wa hali yetu.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Jim Fixx, Mmarekani aliyewavuta watu wengi sana kwenye kukimbia katika miaka ya 1970, alifariki mwaka 1984 akiwa njiani kwenye mazoezi yake, akiwa na miaka 52. Uchunguzi ulionyesha kwamba mishipa inayolisha moyo wake ilikuwa imeziba vibaya. Baba yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 43. Kukimbia kulimsaidia Fixx kuacha sigara na kupunguza uzito, lakini hakukufuta alichorithi wala miaka aliyovuta.

Hatari ya kufia njiani ni kubwa kiasi gani?

Kwa wakimbiaji wote kwa jumla, ni ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu wakimbiaji wapatao milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, ulihesabu watu 59 ambao moyo wao ulisimama ghafla, yaani takriban mtu 1 kwa kila wakimbiaji 184,000. Kati yao, 42 walifariki. Matukio yalikuwa mengi zaidi kwa wanaume kuliko wanawake, na zaidi katika marathoni kamili kuliko nusu.

Usijifariji haraka kwa hesabu hiyo. Huo ni wastani wa umati mzima, na umati huo umejaa watu ambao hawajawahi kulala wodini. Wewe umekwisha kutolewa kwenye wastani. Swali lako ni la mtu mmoja mwenye ugonjwa mmoja unaojulikana, na ndiyo maana jibu linalofuata ni refu.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye jina la ugonjwa. Wakimbiaji wengi hurudi barabarani wakiwa na maelezo ya mtaani tu: "ilikuwa presha", "walisema ni uchovu", "mishipa ilikaza". Hakuna anayeweza kukupangia mazoezi kwa kutumia neno "uchovu". Omba ripoti iliyoandikwa, usome utambuzi uliowekwa, na kama huuelewi mwombe daktari akueleze kwa Kiswahili mpaka uweze kumsimulia mtu mwingine bila kubabaika.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipoanza kukosa pumzi kwenye vilima ambavyo nilikuwa nikivipanda nikipiga soga, mahali pa kwanza nilipokwenda niliambiwa nimejichosha, nikapewa vitamini na mapumziko. Siku ya 9 nilirudi barabarani. Kilomita ya pili nilisimama nikiwa nimeshika magoti, moyo ukinidunda mpaka masikioni kana kwamba nimemaliza mbio za mita 400, na nilikuwa natembea tu. Ni picha ya kifua iliyopigwa kwingine ndiyo iliyoonyesha bonge la damu kwenye pafu la kulia. Kama ningepewa jina hilo siku ya kwanza, nisingegusa viatu.

Waliozimia wana jambo la ziada la kulipigania. Mwambie daktari ulizimia lini hasa. Anayeanguka mara baada ya kuvuka mstari wa kumalizia, kwa kuwa amesimama ghafla na damu imebaki miguuni, mara nyingi hana tatizo kubwa. Anayeanguka akiwa katikati ya kukimbia anatakiwa kuchunguzwa moyo kwa makini kabla hajakimbia tena hata hatua 100. Tofauti hiyo ya sekunde chache hubadilisha uchunguzi wote, na mara nyingi aliyezimia haikumbuki. Mtafute aliyekuwepo, umuulize.

Nitarajie vipimo gani?

Vinategemea ugonjwa, lakini kwa matatizo ya moyo kwa kawaida kuna kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti ambacho wengi hukiita eko, vipimo vya damu, na kipimo cha moyo ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia.

Hicho cha mwisho kinastahili kuelezwa, kwa sababu wakimbiaji hukiendea kama mashindano. Unavua shati, unanyolewa sehemu za kifua ili vibandiko vishike, nyaya zinaunganishwa, na mkanda wa kupimia presha unafungwa mkononi. Kwa utaratibu unaotumika sana, mashine huanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 tu kwa saa, lakini ikiwa imeinuliwa kwa asilimia 10, na kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko huongezwa. Dakika ya kwanza mkimbiaji hucheka kimoyomoyo. Baada ya dakika 10 hivi anatafuta vyuma vya kushikilia. Jizuie kuvishika, maana ukijiegemeza mashine inakuhesabia kazi ambayo miguu yako haikuifanya, nawe unaondoka na majibu mazuri yasiyo yako. Ukisikia maumivu, sema hapo hapo. Hicho ndicho walichokuitia wakione. Muulize pia daktari kama upimwe ukiwa umemeza dawa zako za kila siku, kwa kuwa barabarani utakimbia ukiwa umezimeza.

Majibu yakitoka safi, yana mpaka wake: kipimo hiki hukamata vizuri mshipa uliobanwa sana, lakini mafuta yaliyojikusanya kidogo ukutani mwa mshipa yanaweza kupita bila kuonekana, na hayo nayo hupasuka. Dalili mpya baada ya kipimo safi ni sababu ya kurudi hospitali.

Nisubiri muda gani?

Hakuna muda mmoja. Uvimbe wa misuli ya moyo unaotokana na virusi kwa kawaida humweka mtu nje ya mazoezi makali kwa miezi 3 hadi 6, hata kama anajisikia mzima ndani ya wiki 2. Bonge la damu hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa angalau miezi 3. Mfupa wa kifua uliofunguliwa kwa upasuaji wa moyo huhitaji miezi 2 hadi 3 kuunga. Homa ya kawaida haina muda huo wote, lakini usikimbie ukiwa na joto, maumivu ya mwili au kifua kilichobanwa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mbio. Mtu amelipia, namba imekwisha kutolewa, zimebaki wiki 14, basi anaukata ugonjwa utoshee kwenye wiki 14. Waandikie waandaaji uulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa hadi mwaka unaofuata. Mbio nyingi kubwa zina utaratibu huo. Wasipokubali, fedha hiyo ihesabu imekwenda.

Wiki za kwanza ziweje?

Ziwe za kutembea, na zichoshe akili kwa uchache wake. Tembea dakika 10 kwenye njia tambarare, rudi nyumbani, kisha jiangalie jioni hiyo na asubuhi inayofuata. Swali la jioni ni kama ulihitaji kulala mchana kwa sababu ya dakika 10 zile. Swali la asubuhi ni kama mapigo yako ya moyo kabla hujatoka kitandani yamerudi kwenye kiwango chako cha kawaida. Majibu yote mawili yakiwa mazuri kwa siku kadhaa mfululizo, ongeza dakika. Ukifikia dakika 40 za kutembea kwa kasi bila kulipa gharama kesho yake, na daktari ameridhia, chomeka vipande vya kukimbia: dakika 1 ya kukimbia polepole, dakika 2 au 3 za kutembea, mara chache tu.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati, mwendo unafaa. Mwenzangu mmoja alikuwa akisema shairi lile lile alilokariri shuleni; mshororo ukimkatikia kabla ya kina, anatembea. Niliwahi kumcheka, kisha nikaanza kufanya hivyo hivyo.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wiki unayoongeza umbali usiongeze kasi, na wiki unayoingia vilimani usiongeze chochote kingine. Kila wiki ya nne au hata ya tatu, punguza. Kutembea kwa vipindi si alama ya udhaifu, na unaweza kubaki na mtindo huo hadi siku ya mbio. Wapo wanaomaliza kilomita 42.195 kwa kukimbia na kutembea, na wanawapita njiani watu walioanza kwa fahari.

Saa yangu inaonyesha mapigo ya moyo. Je, niifuate?

Kama unameza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama vile bisoprololi au atenololi, achana na kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu kabisa cha mapigo yako. Dawa hizo huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo unaweza kuwa umechoka kabisa huku saa ikikuambia unatembea bustanini. Tumia kipimo cha kuzungumza, au kipimo cha kujikadiria uchovu kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6 na kuishia 20, na umwombe daktari akutajie namba ambayo usiivuke. Hata kwa asiyetumia dawa, saa ya mkononi husoma vibaya mkono ukitikisika.

Dawa ninazotumia zinaingilianaje na kukimbia?

Zaidi ya watu wanavyodhani, na hili lingestahili miadi yake peke yake. Nenda na dawa zote ndani ya mfuko, pamoja na zile ulizonunua bila cheti.

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au rivaroksabani, hazikuzuii kusogeza miguu, lakini zinageuza anguko la kawaida kuwa jambo la hospitali, hasa ukigonga kichwa. Epuka mazoezi ya alfajiri kwenye barabara yenye mashimo, na usikimbie peke yako. Dawa za kuondoa maji mwilini kwa njia ya mkojo huongeza hatari ya kuishiwa maji na chumvi siku ya jua kali. Dawa za kushusha lehemu huweza kuleta maumivu ya misuli ambayo mkimbiaji huyafikiria kuwa ya mazoezi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Anayejidunga insulini anatakiwa kupanga upya dozi kwa siku za mbio ndefu, kwa sababu misuli huendelea kufyonza sukari hata saa nyingi baada ya kumaliza, na sukari inaweza kushuka usiku wa manane. Siprofloksasini, ambayo watu huimeza kiholela kwa kila tumbo linalosokota, inahusishwa na kano kuumia na hata kukatika, hasa ile ya kisigino.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki humezwa asubuhi ya mbio kama peremende. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge hivyo vinaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni, kuumiza figo ambazo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya kukimbia, na kupandisha presha. Vilevile huficha maumivu ambayo ulihitaji kuyasikia.

Usiruke dozi siku ya mbio ili ujisikie mwepesi.

Je, niwaambie waandaaji wa mbio?

Ndiyo. Jaza fomu ya afya kwa ukweli, na kama namba yako ya kifuani ina nafasi ya maelezo upande wa nyuma, andika ugonjwa wako, dawa zako na simu ya ndugu atakayepokea. Tumia kalamu isiyofutika kwa jasho. Wanaoficha kwa kuogopa kuondolewa hunyima watu wa huduma ya kwanza kitu pekee wanachohitaji kukijua mtu akiwa hawezi kuzungumza.

Nikimbie nusu au marathoni kamili?

Nusu. Na kabla ya nusu, kilomita 10. Angalia pia muda wa mwisho wa kumaliza uliowekwa na waandaaji: mbio zinazofunga barabara mapema humlazimisha mtu wa mwendo wako kukimbizana na gari linalofagia wa nyuma, na hiyo ndiyo presha usiyoihitaji.

Ninywe maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu, isipokuwa daktari amekupa kiwango chako. Wengi hutishwa na kukaukiwa mpaka wakavuka upande wa pili. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu kwenye damu, na kunywa kupita kiasi hadi kuongezeka uzito njiani kulikuwa sababu kubwa. Wanaokaa barabarani kwa muda mrefu wamo hatarini zaidi, kwa kuwa wanapita kila kituo cha maji wakiwa na nafasi ya kunywa. Pete ikianza kubana kidoleni, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija huku tumbo likichezacheza maji, acha kunywa na uende kwenye hema la huduma. Mwenye moyo usiosukuma vizuri ana kiwango chake cha maji hata siku asiyokimbia, na mbio haziondoi kiwango hicho bila ruhusa.

Ni dalili zipi zinanilazimu kusimama?

Maumivu au mgandamizo wa kifua, hata ukiwa mdogo na hata ukienda kwenye taya, shingo au mkono, kukosa pumzi kusikolingana na mwendo, kizunguzungu, mapigo yanayorukaruka, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, maumivu na uvimbe wa mguu mmoja. Usipunguze mwendo ili uone kama itapita. Simama na uite mtu.

Maneno haya ni rahisi ukiwa umekaa. Kwenye kilomita ya 35 hali ni nyingine: miguu yote inauma, kila aliye karibu nawe anahema, watazamaji wanakuita kwa jina lililoandikwa kwenye namba yako na kukuambia umekaribia. Ubongo uliochoka hauwezi kupambanua mgandamizo wa kifua na uchovu wa mbavu. Ndiyo maana uamuzi ufanywe wiki moja kabla, uandikwe, na apewe mtu atakayekimbia nawe au atakayekusubiri mahali mlipokubaliana, akiwa na mamlaka ya kukutoa barabarani bila mjadala. Mimi nilimpa dada yangu, ambaye hapendi mbio hata kidogo, na kwa sababu hiyo hawezi kushawishika.

Mtu huyo ajifunze pia kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka kifaa cha kushtua moyo kifike. Moyo ukisimama, kinachoamua ni dakika za mwanzo.

Familia yangu haitaki nikimbie tena. Niwajibu nini?

Usiwajibu kwa takwimu. Wao ndio waliokaa kwenye benchi la korido usiku ule, na wewe ulikuwa umelala. Mchukue mwenzi wako au mtoto wako mkubwa kwenye miadi ya daktari, umwache aulize maswali yake mwenyewe bila wewe kumkatiza, na mwonyeshe njia unayopita na saa unayorudi. Daktari akisema hapana, wakusikie ukiikubali hapana hiyo mbele yao.

Kila nikikimbia nasikiliza moyo wangu kwa hofu. Je, hili litaisha?

Hupungua, kwa wengi, kadiri mazoezi yanavyorudia bila tukio. Hofu na mshtuko wa moyo vinafanana kwa baadhi ya dalili, na huwezi kuvitenganisha peke yako barabarani, kwa hiyo dalili mpya ichunguzwe kwanza. Ikithibitishwa kuwa ni hofu, itibiwe kama hofu. Kuna wataalamu wa saikolojia kwa ajili hiyo, nami niliona mmoja kwa miezi 4.

Nifanye nini nikishamaliza?

Usisimame ghafla kwenye mstari kupigwa picha. Endelea kutembea kwa dakika 10 au zaidi, ili misuli ya miguu iendelee kurudisha damu kwenye moyo, kisha badili nguo zenye jasho na uketi kivulini. Asiyejisikia vizuri aende kwenye hema la huduma kabla ya kutafuta gari. Ukilazimika kwenda hospitali katika siku chache zinazofuata, mweleze anayekupokea kwamba umekimbia mbio ndefu, kwa sababu troponini, kemikali inayopimwa kwenye damu kutafuta mshtuko wa moyo, hupanda pia baada ya marathoni hata kwa wazima. Waliowahi kupata bonge la damu wasikae saa nyingi garini au kwenye ndege siku hiyo bila kuinuka na kutembea. Usilale peke yako nyumbani usiku huo wa kwanza, na dawa za jioni zimezwe saa ile ile ya siku zote.